Jina Chini ya Bawa

Kaka yangu alichora jeti ya mfano aliyotaka tuiunde nyuma ya kalenda ya duka la friji, pale mtaani Noonkopir alipokuwa akibeba mizigo kabla kifua hakijamlaza. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Alitaka mabawa ya pembetatu, na propela ikae nyuma ili kwa mbali isionekane. Mimi, mdogo wake wa kike, nilikuwa mikono yake. Nilikata kwa wembe lile povu gumu jeupe linalokuja na friji ndani ya katoni, naye akinisimamia kutoka kitandani.

"Unakata ni kama unachinja mbuzi," aliniambia. Ukali wake ulikuwa haujaugua hata kidogo.

Mota na rimoti tulivitoa kwenye ndege ya kuchezea ya mitumba. Nilipoirusha jeti kwa mkono, kujaribu tu, iliinua pua, ikasita, ikaanguka kwa mkia. Akaniambia nisogeze betri mbele, halafu mbele tena, mpaka ikatulia juu ya vidole vyangu viwili. Hapo alicheka mpaka akakohoa. Akaomba kalamu ya wino mzito, akaandika jina lake chini ya bawa kwa herufi kubwa, ili walio chini walisome. Nikamwahidi kwamba Jumamosi nitairusha, hata kama atabaki kitandani.

Alikufa Alhamisi.

Kwetu Wamaasai, watu wa umri wa mama hawalitaji tena jina la aliyekufa. Mama alikuwa mtu wa kanisa, lakini hilo hakuliacha. Baada ya mazishi niliitoa jeti nje. Akaigeuza, akasoma.

"Hiyo jina haiwezi enda huko juu watoto wa majirani hapa kwa plot wakiiita," alisema. "Itoe, halafu urushe. Mimi sikatai."

Nilimkasirikia, nikatii. Wino ulikataa sabuni. Nikamwomba fundi wa kupaka magari rangi anipe mkebe wa rangi nyeupe ya kupuliza, nikazipuliza herufi mpaka zikazama, nikaiacha jeti juani. Sikujua kwamba rangi ile hula povu. Niliporudi, bawa lilikuwa limeyeyuka pale palipokuwa na jina, na kupitia tundu nikaona mchanga. Nilibandika karatasi, nikasogeza betri huku na huku, lakini jeti haikutulia tena vidoleni, nikaibandua ile karatasi. Nilijilaumu, na hadi leo najilaumu. Ningeirusha kwanza, kabla ya kumwonyesha mtu yeyote.

Mama alikuja akasimama nyuma yangu. Aliutia mkono wake ndani ya tundu, akapapasa kingo zake taratibu. Kisha akamwita kaka yangu kwa jina, kwa sauti ya chini, jinsi alivyokuwa akimwita aje kula. Alingoja kidogo, akarudi ndani. Sijamsikia akilitaja tena.