Bibi Specioza Anataka Kuhesabiwa

Bibi Specioza alikuwa analala darasani. Nyumba yake, huku kwetu karibu na Busisi, ilikuwa shule ya zamani ya misheni. Mumewe, mwalimu kutoka Bukoba, alifundisha humo mpaka akafariki. Shule mpya ilipojengwa barabarani, bibi akaachiwa jengo.

Nikitoka shule nilipenda kupitia pale, nashangaa tu. Chumba kimoja, hatua zangu ishirini na mbili toka ukuta hadi ukuta, na ubao mweusi bado uko. Madirisha yaliwekwa juu ili watoto wasitazame ziwa wakati wa hesabu. Bibi akiketi haoni anayepita, anasikia miguu tu.

"Unawatambua kwa miguu?" nilimuuliza.

"Wote. Ile inayokazana ikifika hapa ni ya Masalu."

Masalu alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Kwenye daftari lake, kutoka nyumba yetu aliruka mpaka kwa mzee Mhoja. Hii ni shule, alisema, si nyumba. Basi bibi haitwi mkutanoni, habari za msiba hapewi, na alipougua homa siku tatu hakuna aliyetumwa kumwangalia.

"Bibi, leo umepika ndizi darasa la ngapi?" Masalu alimtania siku moja.

"La nne. Wewe uliishia la pili, hukaribishwi." Kisha akasema taratibu, "Masalu, nifanye nini iwe nyumba?"

Masalu akajikuna kichwa. "Nyumba ina vyumba."

Ilikuwa 1974. Bibi alikata matete mwenyewe, akakandika udongo, akapata vyumba vitatu. Dirisha moja alilishusha kwa nyundo, siku kumi na moja anagonga mawe, hadi akaweza kuona njia akiwa ameketi. Masalu akaja, akagongagonga kuta, akaandika: Specioza, nyumba ya kumi na moja. Bibi alinitaka nimsomee mstari ule mara mbili.

Wiki ya pili amri ya serikali ikaja. Kila nyumba iliyo daftarini ihamie kijiji kipya, barabarani.

Masalu alikuja bila utani. Alisimama mlangoni.

"Ingebaki shule, bibi, wasingekugusa. Nikufute?"

Bibi alitazama dirishani. Baba yangu alikuwa anapita na nguzo za paa letu begani.

"Ukinifuta, huku atabaki nani?"

"Hakuna mtu."

"Basi usinifute. Kiwanja changu kimepakana na nani?"

Masalu akafunua daftari. "Viwanja vinafuata daftari, nawe uliandikwa mwisho. Upande huu ni shamba la pamba la kijiji. Upande wa pili, Mhoja."

"Mhoja."

"Naye haongei na watu, bibi. Unamjua."

"Tutaanza na salamu," alisema bibi, akaanza kukunja mkeka.