Firigisi Iliyonivunja Pua

Mume wangu alinivunja pua kwa sababu ya firigisi. Sicheki. Nilipika ingokho, kuku wetu wa kienyeji, nikampa mtoto wetu aliyekuwa mgonjwa ile firigisi, kipande ambacho kwetu ni cha mwenye boma peke yake. Kiwiko kimoja tu, pua ikahama. Majirani wa mtaa wetu wa Shieywe akawaambia nilianguka bafuni, na mimi, mjinga wa kutupwa, nikaitikia.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa kukoroma. Pumzi inakatika usingizini, nashtuka kama aliyekabwa, mchana nasinzia nikichambua mboga. Yeye akaona kichekesho. Wageni wakija anawaigizia mkoromo wangu, wanacheka mpaka machozi. Nikasema moyoni: cheka tu, utanitambua.

Dada yangu, nesi huko ng'ambo, akanitumia mashine ya kupuliza hewa puani usiku ili koo lisijifunge. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na hapa mjini sikujua mwingine aliyekuwa nayo. Haikunifaa kitu. Hewa ilifika kwenye mfupa uliopinda ikakwama. Nikiongeza nguvu inatokea mdomoni, naing'oa barakoa nikitweta. Daktari wa pua aliniambia wazi kwamba bila upasuaji hiyo mashine ni pambo, na pumzi ikizidi kukatika hivyo, siku moja haitarudi.

Aki nilitaka kuishi. Na nilitaka kulipiza.

Siku ya upasuaji alinisindikiza, akatia sahihi, akaketi kando ya kaka zangu akijifanya mume mwema. Daktari akauliza pua ilivunjikaje.

"Alianguka bafuni," akawahi kujibu.

"Muongo huyo!" nikasema. "Ni yeye, daktari. Kiwiko, kwa sababu ya firigisi!"

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Kaka yangu mkubwa hakupaza sauti. "Shemeji," akamwambia, "dada yetu akifa usingizini, tutajua pa kuanzia."

Jamani, nilifurahi! Nilifurahi mpaka sindano sikuisikia.

Kidonda kilipopona nikavaa barakoa tena. Hewa ikapita bila taabu, hata daktari akaipunguza nguvu mashine. Sharti lilikuwa moja: mdomo ufungwe, maana ukiufungua tu hewa yote inatorokea huko. Nikalala, mkoromo ukaisha kabisa.

Sasa usingizi ukamhama yeye. "Hii kitu inapulizanga hata maiti," alinilalamikia asubuhi moja, macho mekundu. "Nitajuaje kama uko hai?" Nikaendelea kumimina chai.

Basi akawa anaamka usiku, anainama, anaweka sikio karibu na kifua changu. "Mama watoto," ananong'ona, sauti inatetemeka. "Mama watoto, uko?"

Namsikia vizuri sana. Navuta hewa, naibana, na mdomo naufunga zaidi.