Mama Mdogo Hakuwa Akijidekeza

Ni harufu ya dawa ya kupigia deki iliyoanza kunichokoza. Nilikuwa kwenye benchi la kituo cha afya, mwanangu mgongoni akisubiri chanjo, muuguzi alipomfokea binti aliyelazwa mlango wa pili, wote tukisikia: "Unataka kufa, ungefia kwenu! Mnajidekeza tu." Wanawake wakacheka. Nikasimama. "Dada, koma!" Mtoto akaanza kulia, nami sikunyamaza.

Ngoja niwaambie kwa nini.

Nilikuwa na miaka tisa, kijijini kwetu Mbuba, mama yangu mdogo aliporudi kutoka hospitali baada ya kujaribu kujiua, kama binti yule. Kwa uchekeshaji hakuwa na mwenzake. Hata asubuhi ya siku aliyojaribu, tukipalilia maharage migombani, aliigiza padre mwenye mafua mpaka nikakaa chini kwa kicheko. Ndiyo maana watu walimsema: anayecheka vile atakaje kufa?

Kwetu pombe ya ndizi hunywewa kwa mirija, chungu kimoja. Jumapili ya kwanza baada ya kurudi, mama mdogo alipokaribia, kila mtu akachomoa mrija wake, eti mkosi. Kwa aibu nikajificha nyuma ya mama. Mama mdogo akaketi, akachomeka wake.

"Asanteni jamani, chungu kizima changu!"

Bibi akacheka bila kupenda, akarudisha mrija. Wengine wakafuata, mmoja mmoja.

Njiani nikamwuliza, "Mama mdogo, ulituchoka?" Nilidhani ni kwa sababu nilikataa kwenda naye kuteka maji.

"Nyie? Hata sikuwaona. Ni kama moshi umejaa jikoni, mlango upo lakini huuoni. Nilitaka maumivu yaishe, basi. Sasa moshi ukianza tu, naita mtu."

Na aliita kweli, miaka yote: mama, katekista, hata mimi mtoto. "Leo siko sawa, kaa nami." Sijaona jasiri kama yeye.

Moshi ule niliuelewa nilipojifungua, nikilia wiki nzima bila sababu. Nilimpigia simu. Alifika na pikipiki kabla ya saa sita mchana, akambeba mtoto, akanipeleka kwa daktari.

Jana nilimkabidhi mganga mfawidhi barua, ikagongwa muhuri, nakala kwa mtendaji wa kata: "Namlalamikia muuguzi wa zamu kwa kumtukana mgonjwa mbele ya watu. Naomba binti huyo aombwe radhi, apatiwe mtaalamu wa kuzungumza naye faraghani, na asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla mtu hajamuuliza anaumia wapi."