Sakafu Isiyo na Ukuta Mbele

Wazazi wetu walipofariki, niliacha shule darasa la sita, nikaingia karakana ya vitanda pale Muyinga ili mdogo wangu asome. Sijutii. Ila siku aliponiita Gitega, nije kujenga kitu alichokichora yeye, nilisafiri nimenuna.

Lilikuwa duka la ghorofa moja, mtaa wa Musinzira. Mwenye duka alitaka mbele pawe vioo vitupu, kwa hiyo sakafu ya juu, ya mbao, ilipita ukuta wa mwisho kwa mita tatu, chini ikiwa na nguzo mbili tu. Mdogo wangu alinieleza kwamba nguzo hubeba uzito, basi; upepo ukisukuma kutoka ubavuni, sakafu yenyewe ndiyo huushika na kuurudisha kwenye kuta za nyuma, mradi triplai zote, zile mbao bapa za kutandika sakafu, zimefungwa zikawa kitu kimoja. Alitaka msumari kila vidole vinne, ukingo mzima wa kila triplai. Alinieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto, mbele ya mafundi wangu. Mmoja akanitania kwamba sasa nimepata baba.

Basi nikapigilia nilivyozoea, msumari kila shubiri.

Kule Muyinga kitanda hakitoki mlangoni kabla fundi hajakisukuma kwa nyonga. Kikiyumba, kinarudi ndani. Tulipomaliza, mimi na mafundi wawili tukaegemea nguzo ya mbele, tukasukuma. Juu triplai zikalia, kila moja ikisogea kivyake, na ukingo wote ukaenda upande. Hakuna aliyetania.

Ningeweza kusema mchoro una kosa. Mwenye duka angeniamini mimi mwenye mvi, na ile ingekuwa kazi ya kwanza na ya mwisho ya mdogo wangu katika mji huu. Nilikaa na maneno hayo mdomoni, matamu, hadi alipofika.

"Mukubwa, iko sawa?"

"Haiko sawa. Misumari mi ndiye niliyeipunguza. Mchoro wako hauna kosa."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alivua koti, akapanda, akaomba nyundo tuongeze misumari pamoja. Wa kwanza ukapinda. Wa pili ukapinda. Nilimwacha apinde mitano, nikiufurahia kila mmoja, ndipo nikamtoa nyundo mkononi.