Mtu wa Remorki

Nilikuwa sokoni hapa Kasongo, nikichagua sombe, yaani majani ya muhogo, pale dereva mmoja wa pikipiki za kukodi, hawa tunaowaita motari, alipopunguza mwendo karibu yangu, akazima injini na, akiniita mkubwa wake kabla hata ya salamu, akasema: "Yaya, mutu wa remorki ametuacha." Nilirudisha fungu langu mezani. Mama muuzaji naye akaanza kufunika bidhaa zake, kwa sababu alimjua kama nilivyomjua mimi na kama alivyojulikana na kila anayetumia barabara ya kwenda Salamabila. Ilikuwa homa, ikamchukua upesi kuliko tulivyodhani homa inaweza kumchukua mtu mwenye mwili kama wake. Alifariki alfajiri, na alasiri alikuwa amekwisha kuzikwa, kama ilivyo desturi ya Waislamu. Walimbeba mabegani hadi makaburini. Motari wenzake walifuata jeneza wakizisukuma pikipiki zao zikiwa zimezimwa, mlolongo mrefu wa magurudumu bila mngurumo wowote. Mimi ni mkazi wa mji huu tangu utoto wangu, na sijapata kuusikia ukinyamaza namna ile.

Mnaonisoma kila mara mnajua kwamba siandiki majina ya marehemu. Jina ni la familia. Nitakalosema ni kwamba alizaliwa upande wa Wamaza, kwa wazazi wakulima, akaja Kasongo akiwa kijana, na kazi yake ikawa kupeleka watu na mizigo Salamabila, kule ambako dhahabu inavuta watu kutoka pande zote za mashariki ya nchi. Siku za sikukuu, wachimbaji na wafanyabiashara wa kule wanapenda mashindano ya pikipiki. Wanasafisha uwanja nje kidogo ya centa, yaani mji wenyewe, wanapanga madumu kuonyesha njia, wanapiga kelele hadi sauti zinakauka. Marehemu alikuwa na pikipiki ya kazi na pikipiki ya mashindano. Hii ya pili aliiunda mwenyewe kwa vipande alivyovikusanya taratibu: nyepesi, haina taa, haina kiti cha abiria, na hakuiruhusu kubeba hata mkungu wa ndizi. Uwanjani ilikuwa kama swala. Shida yake ilikuwa kufika. Akiiendesha kutoka hapa, tope na mashimo viliiumiza hata kabla ya kipenga. Akaipakia juu ya lori, mvua ikaingia kwenye kabureta na magunia ya watu yakakunja usukani. Kila mara alishindwa na watu aliojua kwamba anawazidi. Ndipo akaanza kusema habari ya remorki, yaani tela la kukokotwa nyuma ya gari, lakini liwe la kufungwa, lenye kuta na paa na mlango wenye komeo, ili pikipiki yake isafiri kama mtu aliyelala ndani ya nyumba.

Mnaweza kukisia jinsi alivyochekwa. Kwa barabara hizi zetu, ambako mgonjwa anakwenda Kabambare akiwa amebanwa kati ya dereva na shangazi yake, mtu mzima anatafuta nyumba ya magurudumu kwa ajili ya pikipiki ya kuchezea! Mke wake alikuwa anasubiri mabati. Paa la nyumba yao lilikuwa la majani, na majani yalikuwa yamezeeka. "Baba watoto," alimwambia mbele yangu, "pikipiki yako italala pakavu, mimi nitalala na beseni ya kukingia maji pembeni." Alijibu kwa upole kwamba mabati yatakuja, na kweli yalikuja baadaye, lakini mama yule hakuweza kulijua hilo siku ile. Akili ni nywele, wahenga walisema, na nywele za rafiki yetu zilionekana kwa wengi kuwa zimeota upande.

Remorki mpya kutoka Bukavu haikuwa ya mfuko wake. Fundi wa kuchomelea chuma wa hapa mjini alikuwa tayari kumtengenezea, ila chuma chenyewe kingekuwa ghali kuliko kazi. Mwishowe alisikia kuna mfanyabiashara wa makayabu aliyeacha kazi, na ana remorki ya kufungwa imeegeshwa nyuma ya nyumba, kuku wanatagia ndani. Aliniomba tuende pamoja, ili kuwe na shahidi wa mauziano. Tuliikuta imesimama juu ya matofali. Rangi imeisha, mbao za sakafu zimeoza upande mmoja, na harufu ya samaki wa chumvi ilitupokea kabla ya mwenyewe. Marehemu alilala chini akatazama ekseli, akazungusha gurudumu moja moja akisikiliza beringi kwa sikio, akapigapiga sakafu kwa ngumi. Kisha akaingia ndani, akatuomba tufunge mlango na kumwaga ndoo za maji juu ya paa.

"Unanunua remorki ao unanunua nyumba?" yule mfanyabiashara aliuliza, amekasirika kidogo.

"Mwaga tu, papa," sauti ilijibu kutoka ndani. "Nione pale iko na machozi."

Tulimwaga. Tulimsikia akitembea kwa magoti gizani, akitafuta tone la maji na tundu la mwanga. Alipotoka alikuwa ananuka kama soko la samaki na uso wake uling'aa. Paa lilikuwa linavuja kwenye kona moja tu. Kwa ajili ya kona hiyo na zile mbao, bei ilishuka hadi pale alipoweza kufika, wakapeana mikono. Yule mzee aliyeuza alibaki ameegemea ukuta, akiitazama ikivutwa. Alisema kwa sauti ya chini kwamba remorki ile ndiyo iliyomsomeshea watoto, na sasa inakwenda kubeba mchezo. Marehemu alisimama, akarudi, akamwambia: "Papa, nitaitunza." Nilifikiri wakati ule kwamba ni neno la adabu tu.

Akatengeneza sakafu, akaziba kona, akaosha kwa majivu na ndimu mpaka harufu ikapungua, ingawa haikuisha. Jipu ya kuikokota ilikuwa ya shemeki yake, kaka wa mke, mtu wa biashara ya mchele na mafuta ya mawese. Safari ya kwanza nilikuwamo, kwa sababu nilitaka kuwaandikia habari za mashindano. Tulipofika Salamabila akafungua mlango, akaishusha pikipiki haina hata doa la tope, na watu waliozoea kumcheka walisogea kuiangalia kama inavyoangaliwa maiharusi. Alishinda. Sikumbuki kumwona mtu akifurahi vile bila kinywaji. Walimpa mbuzi na matairi mawili mapya. Yule mbuzi aliliwa palepale na wale aliowashinda.

Asubuhi ya pili tulirudi. Karibu na Wamaza, mvua ikianza, tulikuta pikipiki imelala kando ya njia na mnyororo umekatika. Motari alikuwa anahangaika nao. Hatua chache kutoka kwake mtu alikuwa ameketi katika tope, miguu imenyooshwa, na juu ya mapaja yake kulikuwa na kichwa cha mtu mwingine, aliyefungwa ndani ya mkeka na turubai. Alikuwa mdogo wake. Shimo la dhahabu lilimfukia, na kaka alikuwa anamrudisha kwao, kijiji cha karibu na Kasongo. Alikuwa amemfunga katikati, kati yake na dereva, kama abiria, jinsi tunavyoona siku zote kwenye njia hii na kugeuza macho. Walipoanguka, kaka alikaa pale chini ili kichwa cha mdogo wake kisiguse tope. Hakutuomba kitu. Nadhani alikuwa amekwisha kuomba magari yaliyotutangulia.

Shemeki hakuzima injini. "Hapana," alisema. "Mimi nabeba chakula ya watu. Wakijua nilibeba mayiti, nani atanunua tena muchele yangu?" Maneno yake hayakuwa ya ukatili. Alikuwa na watoto wa kulisha, na watu wa kwetu ndivyo walivyo. Rafiki yetu alishuka. Alifungua mlango wa remorki, akafungua kamba moja baada ya nyingine, akaishusha ile pikipiki katika mvua. Halafu alikuja kwenye dirisha la jipu.

"Shemeki, remorki iko yangu. Jipu iko yako. Nakuomba jipu tu."

Shemeki akazima injini, akashuka, akatoa gunia tupu chini ya kiti chake, akalitandika juu ya zile mbao mpya. Tukamwinua yule kijana sote wanne. Kaka yake akaingia naye ndani, akaketi pembeni yake, mlango tukauacha wazi kidogo ili apate hewa. Rafiki yetu akavaa koti la mvua, akapanda pikipiki yake ya mashindano, ile isiyojua barabara, akatutangulia. Kila alipofika kwenye kizuizi aliwaeleza walinzi tuna nani nyuma, na sisi tulipofika tulikuta kamba imeshushwa na watu wamevua kofia. Nilimwona akianguka mara kadhaa, akiinuka, akiipiga teke injini iliyokwisha kunywa maji. Jioni, jua likiwa bado lipo, tulimfikisha kijana kwa mama yake amelala kavu, amenyooka kama mtu anayestahili kunyooka.

Tuliporudi Kasongo, mke wa rafiki yetu alitupokea mlangoni. Aliangalia pikipiki, iliyokuwa haina tena sura, aliangalia mumewe, akasikiliza habari yote. Kisha akasema: "Kama pikipiki inaweza kusafiri na heshima, mutu wa Mungu je?" Akaenda kuchota maji ya kuosha remorki, na tangu siku ile yeye ndiye aliyekuwa akiifukiza ubani.

Injini ile haikupona vizuri. Aliifungua na kuifunga, akabadilisha vipande, lakini hakushinda tena. Lakini habari ilitembea, na familia zikaanza kuja: wa Kabambare, wa Wamaza, Waislamu na Wakristo, wote wana mtu wao aliyekufia mbali. Shemeki alinung'unika na kwenda. Mchele wake haukukosa wanunuzi. Tatizo lilitokea mahali ambapo hatukutazamia, kwenye mashindano yenyewe. Waendeshaji fulani walisema remorki ya mayiti isikaribie uwanja, italeta nuksi. Walimshauri achague: ama abaki na wafu, ama arudi kwenye mchezo. Aliwajibu mbele ya watu wote: "Hii nilinunua sababu ya pikipiki yangu, na itabeba pikipiki yangu. Mutu akiniomba, nafungua mulango. Sioni pale mambo mawili yanagombana." Akashusha pikipiki, akashindana, akawa wa mwisho, akacheka kuliko aliyeshinda.

Nimelifikiria jibu hilo sana tangu tumzike. Katika jamii yetu furaha ya maskini inahitaji kibali. Tajiri akijenga ukumbi wa ngoma tunamsifu kwamba anaujua ulimwengu. Motari akinunua kitu kwa sababu tu anakipenda, tunamhesabia mabati, karo na dawa, kana kwamba mapenzi yake ni wizi. Na upande mwingine tunapenda wema uliokunjamana, wema wa mtu aliyeacha kila kilichompendeza. Tungemwelewa upesi zaidi kama angeuza pikipiki yake na kukaa kama mtawa. Hakufanya hivyo. Alijua kupenda mashine hadi aihurumie isinyeshewe, na huruma hiyo hiyo ndiyo iliyomtoa garini karibu na Wamaza. Sisi wengine, tusiopenda kitu chochote kiasi hicho, tulikuwa tumepita njia ile miaka mingi na kuona maiti zikining'inizwa kama mizigo, tukasema barabara ni mbaya, serikali iko mbali, tutafanyaje.

Siku ya tatu ya matanga, wakubwa wa motari walimwendea mjane, wakamwomba awaachie remorki iendelee na kazi yake ya kusindikiza wafu. Nilikuwapo. Alikubali kwa kichwa, kisha akainua mkono.

"Mutabeba pia pikipiki za mashindano ndani," alisema. "Kama hamutaki kuitumia kwa mchezo, basi hamutaipata kwa kilio. Mume wangu alinunua ile kitu kwa furaha. Mimi nilimukatalia, na nilikosea. Musiifanye kuwa kitu ya huzuni tu."

Mmoja wa wale wanaume, aliyekuwa wa kwanza kusema habari ya nuksi, akajibu, "Ndiyo, mama, tutafanya vile." Alilia wakati akisema.

Basi hili ndilo ninalolichukua kwa rafiki yetu, na ninawapa nanyi mnaonisoma. Mkimwona jirani maskini anakusanya kidogo kidogo kwa ajili ya kitu ambacho ninyi hamwoni faida yake, msiwe wepesi kumcheka. Anayejua kutunza anachokipenda tayari ana mikono ya kutunza mtu. Na wewe mwenyewe, kama kuna kitu kinachokufurahisha na hakimdhulumu mtu, kinunue kwa bei unayoiweza, kitengeneze vizuri, kifurahie mchana kweupe. Ila mtu akikuomba mlango njiani, ufungue.