Kitanda cha Marehemu

Mama Dobi alikuwa mtu wa maji ya moto. Miaka nenda miaka rudi alifua mashuka ya nyumba ya wageni, na kwake hapakuwa na uchafu usioshindwa na sufuria inayotokota. Mwanawe wa pekee alipooa, akawapa maharusi kitu alichokipenda kuliko vyote: kitanda cha mbao cha marehemu mumewe, alichokilalia mwenyewe hadi siku ile.

Haukupita muda, mkwe akaanza kujikuna. Mama Dobi akavitazama vipele vya shingoni, akakata shauri: chawa! Na chawa haletwi na upepo, huja na mtu.

"Umetuletea wageni, mwanangu."

"Mama, kwetu hatuna chawa."

Nani amsikilize? Nguo zake zikachemshwa mpaka zikapauka. Nywele alizozilea tangu utotoni zikakatwa uani, majirani wakichungulia. Hakuonekana chawa hata wa dawa, lakini mkasi haukusita. Kujikuna kukaendelea, na masimango pia, hadi binti wa watu akafunga mzigo akaenda kwa shangazi yake.

Siku chache baadaye Mama Dobi alitandua kitanda cha mwanawe. Shuka lile alilichemsha mwenyewe baada ya binti kuondoka, na sasa lilikuwa na vitone vya damu. Chawa huishi mwilini na nguoni. Mwenye nao akiondoka, anaondoka nao. Mdudu huyu alikuwa amebaki.

Akakiburuta kitanda hadi juani, akakigonga mguuni kwa mchi. Kunguni wakamwagika, wanene, wekundu. Wao hula wakarudi kujificha mbaoni, na sufuria ya dobi hawaijui. Miaka yote walimnywa yeye na mwanawe aliyekulia kitandani humo, ngozi zao zikazoea wasihisi kitu. Alikichoma kitanda huku akilia kama siku ya msiba.

Kesho yake alikuwa mlangoni kwa shangazi.

"Mwanangu, nimekukosea. Wadudu walikuwa wangu."

Binti alikaza kitambaa kichwani.

"Nitarudi, mama," akasema. "Ila nguo zangu nitafua mwenyewe."