Kioo Kilichopunguza Wanene

Niliamini, na ningeweza kula kiapo mbele ya kadhi, kwamba jirani yangu wa ng'ambo ya kichochoro alikuwa na kioo kinachopunguza watu. Si kwenye mizani, hapana, kinawapunguza machoni. Mama mwenye mwili wa kujaza mlango anasimama mbele yake, anajitazama, anajiona binti mwenye kiuno cha nyigu, anafungua pochi, ananunua. Habari hizo nililetewa na muuza ndoo, mwanamke ambaye meza yake ilipakana na yangu pale sokoni Bagamoyo, na ambaye tangu nimjue hajawahi kuniletea habari ndogo.

"Kimetoka Ngazija," aliniambia, huku akipanga ndoo zake, kubwa chini, ndogo juu. "Kimefukizwa udi mpaka kikalewa. Kuna mama mmoja wa Vigwaza alijitazama humo, akarudi kwao anajijua mwembamba. Kufika, funguo zimesahauliwa ndani. Akasema nitapita dirishani. Walimtoa kwa kuvunja ukuta."

"Ukuta wote?"

"Wa matofali, jirani. Ungekuwa wa udongo ningekueleza?"

Nikaamini. Mtu atauliza, mbona wewe ulimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, tena fizikia ukaifaulu, uliaminije? Fizikia hiyo hiyo ndiyo iliyoniponza. Nilishafundishwa kwamba kioo kinaweza kupinda nuru; kilichobaki kwangu ilikuwa kujua udi unaingilia wapi.

Halafu, bila kioo, mambo yale hayakuwa na maelezo. Mimi na jirani huyo tuliuza kitu kimoja, mitumba ya watu wenye miili, na tuliitoa mahali pamoja. Tulikwenda Dar kwa muuzaji mmoja wa jumla, tukachanga, tukanunua belo moja la saizi kubwa, tukarudi nalo na kulifungua juu ya turubai katikati ya meza zetu. Kisha tukagawana: hili langu, hili lako, hili langu, kama watoto wanaogawana maandazi. Nguo zilikuwa zilezile, jua lilikuwa lilelile. Lakini jua likishapanda, kwake akina mama wamejaa kama msibani kwa tajiri, na kwangu yupo nzi mmoja, naye anapita tu.

Na mtu mwenyewe ungemwona ungelia. Mwembamba, ukimtazama kwa ubavu unamkosa. Ametoka bara, Jumapili yuko kwenye kwaya, maneno hatoi. Mteja akifika anasema karibu, halafu kimya, utadhani anatozwa ushuru kwa kila neno. Mimi nimezaliwa pwani hii hii, mdomo wangu ungeweza kumuuzia samaki maji. Tena ni mnene mwenyewe, nimekuwa mnene tangu mgongoni mwa mama. Wanene ni watu wangu. Inakuja njiti ya kiberiti, inaninyang'anya taifa langu.

Shida ya mwili naijua kwa kuivaa. Suruali inayonienea kiunoni imeshonewa jitu. Miguu yake naikunja, naikunja tena, na bado inafagia njia mpaka Mbegani. Nikipata ya urefu wangu, kiuno chake kinaingia mkono mmoja. Na afadhali mimi, akina mama ndio wenye dhiki. Magauni makubwa ya mitumba yamekatwa kwa mtu aliyenenepa mbele, na mama zetu wamenenepa nyuma. Kwa hiyo gauni linapwaya tumboni kama tanga na kugoma kwenye nyonga kama punda. Rangi nazo, aliyeshona ni kama aliambiwa mnene yuko msibani siku zote: nyeusi, kijivu, nyeusi tena, halafu ghafla maua makubwa kama ya zulia. Katika belo zima yanatoka magauni machache ya maana, na hayo ndiyo mimi na jirani tulikuwa tukiyapigania kwa macho, midomo ikitabasamu.

Nami kazi nilifanya. Asubuhi napanda juu ya kreti la soda, nanadi mpaka mapafu yanaomba likizo. "Mabonge wenzangu, huku. Aliyenyimwa mwili kanyimwa neema. Nguo pana kwa roho pana." Akitokea mama mwenye umbo, nampima kwa jicho tangu yuko kwa wauza dagaa, na jicho langu halikosei, namtangazia saizi yake kabla hajanikaribia. Watu walicheka hadi wakashika nguzo. Nilijua hakuna mnadi kama mimi kutoka hapa hadi Tanga, na mpaka leo sijamsikia.

Siku moja alipita mwalimu wa shule ya msingi, mama mzima wa heshima zake, mwendo wa taratibu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo. Mwalimu, usijichoshe kuchambua. Wewe ni ishirini na sita, na ishirini na sita hii hapa, imekuja kwa jina lako." Nikaliinua gauni kwa mikono miwili, juu kabisa, soko zima likaliona lilivyo pana.

"Nilikuwa natafuta ndoo," mwalimu akasema.

Kweli akanunua ndoo kwa muuza ndoo. Kisha nikamwona anazunguka nyuma ya mabucha, anatokea upande wa pili, anaingia kwa yule mwembamba. Alipotoka, ndoo ilikuwa imejaa nguo mpaka mfuniko haufungi.

"Kioo hicho," muuza ndoo akaninong'oneza. "Hata msomi hakikumwacha."

Tangu siku hiyo wivu ulihamia kwangu na vyombo vyake. Nikinywa chai, naitazama migongo ya wateja wake. Nikila, naona pazia lake linavyofunguka na kufungika, maana alikuwa na kipembe alichokizungushia pazia zito, na kioo kilitundikwa humo ndani, mahali jicho langu halifiki. Nikaota kile kioo. Nikaota kimeniita kwa jina na kuniambia, wewe sikutaki.

Nikaona dawa ya moto ni moto. Nikanunua kioo changu, kirefu kuliko mimi, kwa fundi wa makabati. Nikakifukiza udi nyumbani kwa siri, moshi ukafika kwa majirani, mke wangu akauliza leo tuna maulidi gani. Kisha nikakipeleka sokoni na kukisimamisha mbele kabisa, kando ya kichochoro, ili kila apitaye apate kujiona. Kikawaonyesha walivyo, pamoja na wapita njia wote waliosimama nyuma yao. Nilipojitazama mimi, nikaona kitambi changu, hakijapungua hata nusu inchi. Wateja wachache waliobaki wakaanza kupita kwa mbali. Nikasema udi wangu ulikuwa wa bei rahisi.

Haya yote ningeyameza kama si harusi. Mdogo wake mke wangu alikuwa anaolewa kwao Kiwangwa, na mke wangu ana mwili, tena mwili huo ndio ulionitoa ukapera. Nikaapa mbele ya mama mkwe kwamba binti yake atakuja harusini amevaa kutoka kwenye meza ya mumewe, na kila atakayemwona atauliza nguo hiyo imetoka wapi. Mama mkwe ni mkulima wa mananasi, mtu wa kuamini kile alichokipanda. Tangu niposwe ukweni kwake, maana siku ile nilihojiwa mimi zaidi ya binti, hakuwahi kuwa na hakika na mwanaume anayeishi kwa kuuza nguo zilizovaliwa na wengine. Heshima yangu Kiwangwa nzima ilining'inia kwenye gauni hilo.

Mke wangu akaja mezani siku ya Jumamosi, soko limefurika. Akajaribu juu ya nguo zake, kama wote wafanyavyo kwangu. La kwanza likafika kwenye nyonga, likagoma.

"Vuta pumzi, mama watoto."

"Nimevuta."

"Vuta tena. Hiyo ni ishirini na nne, humo inaingia kata nzima na diwani wake."

Watu wakacheka. Nilipowaona wanacheka nikapanda daraja. Nikamgeukia muuza ndoo: "Jirani, una kamba? Nataka kufunga mzigo." Wakacheka zaidi, muuza ndoo akakaa chini. Mke wangu naye akatabasamu. Akalivua lile gauni taratibu, akalikunja vizuri kuliko nilivyolikunja mimi, akasema anakwenda kununua nazi.

Nikarudi kwenye kreti langu, nikaendelea kunadi. Na nikiwa huko juu nikaona kanga ninayoijua, maana niliinunua mimi, inaingia kwa yule mwembamba na kupotelea nyuma ya pazia.

Sijui nilishukaje. Nimesimuliwa kwamba kreti liligeuka mara mbili hewani. Nilipofika, yule bwana alikuwa amesimama nje ya pazia, ameligeuzia mgongo, anatazama barabarani, mikono nyuma kama mlinzi wa benki.

"Karibu, jirani."

"Mke wangu yumo humo?"

"Yumo. Anajaribu."

"Na kioo kimo?"

Akanitazama kidogo. "Kimo."

"Kitoe."

"Kimepigiliwa misumari, jirani."

"Basi mtoe mke wangu."

"Akimaliza atatoka mwenyewe." Akarudi kutazama barabara yake.

Nikasimama pale jua likinipiga utosini. Kuna wivu wa biashara na kuna wivu wa nyumbani, na siku ile yote miwili iliniingia kwa pamoja, ikashindwa kupishana mlangoni. Wateja wangu amewachukua, nimevumilia. Sasa mke wangu yuko nyuma ya pazia la mwanaume mwingine, anatazama kioo ambacho kitamwonyesha mwembamba kama sindano. Nikawaza, akishajiona hivyo atarudi nyumbani, atanikuta mimi na kitambi changu, atajiuliza siku ile ya posa alikuwa na homa gani.

Pazia likafunguka. Mke wangu akatoka na mfuko umefungwa fundo.

"Unanisubiri mimi?" akauliza.

"Nasubiri nazi."

"Nazi zimekwisha," akasema, akanipita.

Gauni lenyewe sikuonyeshwa mpaka Kiwangwa. Lilikuwa la kijani cha chupa. Mke wangu alipotoka nalo chumbani kwa mama yake, ukumbini wanawake wakapiga vigelegele kana kwamba bibi harusi ni yeye. Lilimkaa mabegani, likamfuata nyuma bila kubishana, likaanguka vizuri mpaka chini. Nami nilipolitazama mara ya pili, nikalijua. Lilitoka kwenye belo letu wenyewe. Nililiinua mimi siku ile juu ya turubai, nikaona nyonga yake nyembamba, nikasema hili lako, nikamtupia yule mwembamba kwa mkono wangu huu. Mbavuni jirani alikuwa amelifumua na kupachika kipande cheusi kila upande, kimekaa kama kilizaliwa nalo.

Mama mkwe akaja na sahani ya pilau iliyorundikwa nyama, ya kwangu peke yangu.

"Mkwe wangu," akasema, "leo nimekuona. Mtu anayejua kumvika mwanangu hivi, basi kazi yake ni kazi."

"Ahsante, mama," nikajibu. Pilau ile niliila yote, na kila tonge lilipita likinichoma. Miaka yote nimeitafuta sifa hiyo, imekuja, na ni ya mtu ambaye hata kadi ya mwaliko hakupewa. Wajomba wakanishika mkono. Shangazi wa Mbegani akaniagiza na yeye lake. Nilimwonea wivu yule njiti kiasi kwamba hata sifa zake nilizoiba sikuweza kuzifurahia.

Kesho yake asubuhi mke wangu alikuwa uani kwa mama yake, anamenya mananasi ya kuwapa wageni wanaoondoka. Nikavuta kigoda.

"Nataka uniambie kweli," nikasema. "Sitakasirika. Ulipojitazama mle, ulijiona umepungua kiasi gani?"

"Wapi?"

"Kwenye kioo chake."

"Kioo gani kinapunguza watu, baba watoto?"

Nikamweleza yote: Ngazija, udi, mama wa Vigwaza na ukuta wa matofali, mwalimu na ndoo yake. Alisikiliza kisu kikiwa kimesimama katikati ya nanasi. Alicheka mpaka mama yake akachungulia dirishani. Kisha akafuta mikono kwenye kanga, na sauti yake ikawa ya kawaida kabisa.

"Kioo chake kina ufa," akasema, "tena amekipigilia juu mno, mimi niliona paji la uso tu. Hakuna anayekwenda kwa ajili ya kioo. Unaingia, anakutazama mara moja, hakuulizi saizi. Anakuletea magauni matatu nyuma ya pazia, lebo amezikata zote, halafu anatoka nje anakupa mgongo. Likikubana unaliacha humo humo, hakuna anayejua kwamba lilikukataa. Kwako likinibana, soko zima linajua."